Kinachotufunga mdomo kiwandani si kamera

Dadangu, umeuliza kama miaka hii inayokuja, kamera zikijaa juu ya laini za kushonea na ujumbe wa Wasapu ukifika ofisini kabla ya saa ya chai, mfanyakazi wa EPZ, viwanda vya bidhaa za kuuza nje, hapa Mombasa atabaki na pa kusemea. Mimi nimeshona jinzi upande wa Changamwe miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Ogopa mkataba mfupi kuliko kamera. Kwetu simu ziliachwa getini, kila moja kwenye kijifuko chenye namba ya mwenyewe, na kwenda msalani ni mpaka supavaiza akupe kadi. Hayo tuliyazoea. Mwenzetu mmoja wa mashine ya oveloki akapiga picha slipu yake ya mshahara, ovataimu haimo, akaitia kwenye grupu. Hakuna aliyemfuta kazi. Walingoja mkataba uishe, asubuhi ya kwanza ya mkataba mpya jina lake halimo kwenye orodha ya mlinzi. Akasimama pale getini na lesso yake begani, anaomba asomewe tena. Tulipita tukiangalia chini. Kufika usiku grupu halina mtu.

Hapo ndipo penye shimo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, yasema kujiunga na chama cha wafanyakazi au kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kukufuta. Lakini mkataba ukiisha tarehe yake, mwajiri atasema hakukufuta, na kesi hiyo ni ngumu mno kushinda.

Oda zikipungua hofu huzidi. Nguo hizi zilikuwa zikiingia Marekani bila ushuru kwa mpango wa AGOA wa mwaka 2000. Muda wake ulipokwisha Septemba 2025, watu walikuwa wakihesabu nani atabaki. Wakikupunguza kwa kukosa kazi, kifungu cha 40 cha sheria hiyo chakupa notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Naumia sana nikiona mama anasaini karatasi hajaisoma kwa sababu bahasha iko mezani. Na slipu ni haki yako. Ziweke nyumbani, usizitegemee simu.

Kunyamazishwa hakukuja na simu. Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu waligoma, wakikutana uwanjani, Kiwanja cha Maskini, na bandari ikasimama. Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, akakamatwa na kuhamishiwa Baringo. Nyongeza ya mshahara lakini ilipatikana, kwa kuwa walikuwa wengi.

Kwa hivyo ingieni chama. Mkiwa zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, sheria yamlazimu mwajiri akitambue. Dai la kwanza liwe mkataba wa kudumu, mshahara ufuate. Fomu zipite mkononi, nyumba kwa nyumba, mitaa yetu ya Chaani, Bangladesh, Miritini, Jumapili watu wakiwa wamepumzika, na zisipigwe picha.