Usisubiri Mikorosho Ichanue Ndipo Ufuatilie Salfa Yako

Ukitaka kujua kwa nini mkulima wa korosho anatoa rushwa huku akijua kabisa ni kosa, angalia kalenda. Huku kwetu uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, mikorosho ikianza kuchanua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, haumsubiri mtu. Maua yakishapigwa, msimu umekwenda. Sasa mtu anafika kuchukua salfa yake ya ruzuku, dawa ya kuzuia ubwiri huo, anaambiwa jina halionekani kwenye daftari, "labda utoe ya boda tukakufuatilie." Hana muda wa kubishana, anatoa. Na anayeomba analijua hilo, ndiyo maana haombi Januari.

Kwa hiyo nenda wewe Januari. Nimeshiriki ugawaji wa pembejeo kijijini, na nilichokiona ni kwamba waliohakiki majina na idadi ya mikorosho yao mapema hawakusumbuliwa sana. Jina likikosekana, kuna miezi ya kulifuatilia bila kumpa mtu hata senti.

Na ukiombwa hela, omba karatasi. Niliwahi kumsindikiza bibi mmoja, jirani yetu, siku ya kugawa. Kijana aliyeshika daftari akamwambia:

"Bibi, elfu tatu kila mfuko."

"Za nini, mjukuu wangu?"

"Za kushushia mzigo."

"Haya. Niandikie stakabadhi, wanangu wakiniuliza niwaoneshe."

Kijana akaitazama foleni nyuma yetu, akageuza kalamu mkononi. "Basi bibi, chukua tu mifuko yako."

Bibi hakupaza sauti wala hakumwita mtu mwizi. Hilo ni muhimu, kwa sababu kijijini huyo unayemtuhumu huenda ni shemeji yako, na kesho mtakutana msibani. Isitoshe, wapo watumishi waaminifu, na wao swali la stakabadhi haliwaudhi. Malipo halali ya serikali yana kontrol namba au stakabadhi. Kama hakuna, usilipe.

Akikukatalia haki yako, andika siku hiyo hiyo: tarehe, jina, cheo, kiasi alichotaka, na nani alikuwepo. Kisha piga 113, simu ya bure ya TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa), au nenda ofisini kwao. Nenda kabla hujatoa hela. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inambana mtoaji na mpokeaji, na ukiwahi kuripoti, TAKUKURU wanaweza kuandaa fedha za mtego za kumnasa anayeomba. Ipo pia sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Najua woga hauishi kwa sababu ya sheria, hasa kijiji kikiwa kidogo. Ndiyo maana napendelea watu waende wawili au watatu, wote walioombwa, kuliko mmoja abebe mzigo wa wenzake.

Jambo la mwisho watu wengi wanalidharau, nalo linaniuma kweli: mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Uliza mifuko mingapi ya salfa ilipokelewa, mingapi imegawiwa, na orodha imebandikwa wapi. Kama mkutano haujaitwa, mwandikieni mwenyekiti barua ya kuuomba, mtie saini wengi, na mbaki na nakala.