Umekabidhiwa maktaba ya kanda? Mkono wa roboti uwe wa mwisho kulaumiwa

Mgeni akiletwa kuiona maktaba ya kanda kwa mara ya kwanza, yaani kabati la mashine linalotunza kanda za data na kuzipeleka lenyewe kwenye draivu za kuzisoma na kuziandikia, husimama mbele ya kioo na kuutazama mkono. Ana haki. Mkono unapanda, unateleza, unabana kanda kwa vidole viwili, unaivuta, unaigeuza na kuisukuma ndani ya draivu, wala hakuna mtu aliyegusa kitu. Shida ni pale fundi naye anapobaki kuutazama mkono huohuo siku kazi imekwama. Kwa miaka ambayo nimelea mashine hizi hapa Dar es Salaam, kesi nyingi nilizoitiwa zilikuwa za lebo, za draivu, za umeme, za hewa ya chumba au za mtu kuomba faili bila mpangilio. Mkono ulikuwa unafanya ulichoambiwa.

Na mkono si teknolojia changa. Mwaka 1987 kampuni ya StorageTek ya Colorado, Marekani, ilitoa ghala la pande 12 lililomeza kanda 6,000 hivi, na mkono ukizunguka katikati yake gizani. Zaidi ya miaka 35 ya kurekebishwa inatosha kuufanya uaminike kuliko vitu vingi vilivyomo kwenye chumba chako cha seva.

Anza kwa kuelewa roboti inajua nini, maana ni kidogo sana. Seva inaiona maktaba nzima kama vitu vya aina nne: mkono unaobeba, sloti zinazotunza kanda, kidirisha cha kuingizia na kutolea, na draivu. Kila kimoja kina namba. Amri inayoshuka ni fupi: toa kilichomo sloti 7, peleka draivu 0. Kama seva yako ni Linux, jizoeshe programu ndogo iitwayo mtx kabla ya kubofyabofya kwenye programu kubwa ya bakapu. Andika mtx -f /dev/sg3 status (namba ya sg itategemea seva yako), kisha soma mstari kwa mstari: draivu ipi imejaa, kanda iliyomo ilitoka sloti gani, sloti zipi ni tupu. Ukizoea kusoma orodha hiyo, habari za "roboti imechanganyikiwa" zitakuchekesha.

Roboti haijui kwamba sloti 7 ina mishahara ya mwaka juzi. Anayejua ni katalogi ya programu ya bakapu, ile orodha ya faili gani liko kanda gani. Kwa hiyo katalogi nayo ichukuliwe bakapu, tena iwekwe mbali na seva inayoitunza. Nimewahi kuitwa ofisi moja ambako seva ya bakapu ilikufa kabisa, kanda zote zikiwa salama kwenye sloti zao, na hakuna mtu aliyejua nini kiko wapi. Roboti iliwaletea kanda yoyote waliyoitaka bila kinyongo. Tulilazimika kuzipitisha kwenye draivu moja baada ya nyingine ili kuijenga katalogi upya. Kanda ya LTO-8 (LTO ni aina ya kanda za data, namba ni kizazi chake) iliyojaa TB 12, kwa draivu inayosoma MB 300 kwa sekunde, inakula zaidi ya saa 11 ukiisoma yote. Zidisha kwa idadi ya kanda zako uone.

Tuje kwenye lebo, maana huku ndiko ninakokuta madudu. Roboti huitambua kanda kwa kusoma msimbopau, basi. Lebo ya LTO ina herufi na tarakimu nane: sita za mwanzo ni jina la kanda, mbili za mwisho ni kizazi chake, L8 kwa LTO-8 na L9 kwa LTO-9. Kanda ya kusafishia draivu huanza na CLN, ili maktaba isije ikaipeleka kuandikiwa data. Mashine ikiwashwa, mkono hupita mbele ya sloti zote ukisoma lebo na kufanya hesabu ya kilichomo. Sasa, mtu anaona lebo halisi ni ghali, anachapisha zake kwenye printa ya ofisi, karatasi ya kawaida na gundi ya dukani. Joto la ndani ya draivu likishirikiana na unyevu wa pwani, gundi inaachia. Kona moja ya karatasi inainuka. Kanda inaingia vizuri, lakini wakati wa kutoka kona ile inanasa kwenye ukingo wa mlango wa draivu. Mkono unavuta, kanda haiji. Skrini inasema roboti imeshindwa kutoa kanda, na ofisi inaanza kutafuta bei ya mkono mpya.

Nunua lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya LTO. Bandika ndani ya ile sehemu iliyozama kidogo kwenye uso wa kanda. Kama kuna lebo ya zamani, ibandue yote kwanza, usipandishe moja juu ya nyingine. Majina yasijirudie kamwe, hata kama kanda ya kwanza yenye jina hilo iko kabatini kwenye tawi lingine, maana siku moja zitakutana. Na yale maandishi ya kalamu, "bakapu ya Juni, usifute", yaende kwenye daftari.

Kitu kingine ambacho roboti haikioni ni afya ya kanda yenyewe. Kanda ya LTO ina gurudumu moja tu ndani. La pili liko kwenye draivu. Mwanzo wa utepe umefungwa kwenye kipini kidogo cha chuma ambacho draivu hukidaka ili kuuvuta utepe nje. Kanda ikianguka sakafuni, kipini kinaweza kuhama. Fungua kimlango cha pembeni kwa kidole, utazame kama kimesimama wima mahali pake. Kikiwa kimelala, usiirudishe kwenye sloti. Mkono utaibeba kama nyingine zote, na atakayeumia ni draivu.

Lalamiko linaloongoza kutoka kwa watumiaji ni kwamba roboti inachelewa. Pima mwenyewe siku moja ukiwa na saa mkononi. Kuitoa kanda kwenye sloti na kuifikisha draivuni ni suala la sekunde kwa maktaba ndogo. Halafu draivu inaipokea, inauvuta utepe na kuutambua, kisha inaanza kuukimbiza hadi lilipo faili. Utepe wa LTO-8 una urefu wa mita 960, kwa hiyo kulifikia faili ni kama dakika nzima kwa wastani. Ukimaliza, utepe lazima urudi wote ndani ya kanda ndipo itolewe, kwa sababu ya lile gurudumu moja. Muda wote huo mkono umesimama unasubiri.

Kinachokula muda ni kubadilisha kanda ovyo. Mtu anahitaji mafaili 200 yaliyotawanyika kwenye kanda tatu, na skripti yake inayaomba kwa alfabeti: la kwanza liko kanda hii, la pili kanda ile, la tatu linarudi kanda ya mwanzo. Kila zamu ni kukunja utepe, kutoa, kubeba, kupakia na kutafuta upya. Panga maombi kwa kanda kwanza, kisha kwa nafasi ya faili ndani ya kanda, na kazi ya usiku kucha inaweza kwisha kabla ya chakula cha mchana. Wakubwa nao hufanya hivyo. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, wanaotunza data za LHC, mtambo wao wa kugonganisha chembe, kwenye kanda, wanatumia programu yao ya CTA ambayo hupanga foleni ya maombi kwa kanda, ili kanda ikishapanda kwenye draivu itoe kila kinachosubiriwa.

Waambie mabosi mapema kwamba kanda haina haraka, kabla hawajawa na presha. Mfano ninaowapa ni wa Gmail. Februari 2011 hitilafu ya programu iligusa nakala kadhaa za data kwa pamoja, na asilimia 0.02 ya watumiaji wakakuta barua zao zimetoweka. Google walizirudisha kutoka kwenye kanda, kwa sababu hitilafu ile haikuweza kuzifikia. Wakaeleza pia kwamba kurejesha kwa njia hiyo huchukua saa nyingi. Bosi akishasikia kwamba hata Google walisubiri, anatulia.

Ila hapa pana jambo wauzaji hulipitia haraka: kanda iliyo kwenye sloti haiko nje ya mfumo. Mhalifu akiishika seva ya bakapu, ana uwezo wa kuiamuru roboti kama wewe, apakie kanda moja moja na kuzifuta. Kwa hiyo baadhi ya kanda zitoke kabisa kupitia kidirisha, zikalale jengo lingine. Na zikitoka, zibebwe kama mali. Kanda kwenye buti la gari lililoegeshwa Kariakoo saa saba mchana, au kwenye mfuko wa rambo nyuma ya bodaboda, inaweza kuharibika bila alama yoyote kwa nje. Watengenezaji wa LTO-9 wanapendekeza unyevu wa hewa kati ya asilimia 20 na 50, na nje hapa tunaishi juu ya hapo karibu mwaka mzima. Kanda ikirudi kutoka nje, iache chumba cha seva saa 24 kabla ya kuiingiza. Nimegombana na wahasibu kwa ajili ya hizo saa 24 na nitagombana tena.

Umeme sasa. Kijana mmoja anayelea maktaba ya ofisi nyingine alinipigia usiku.

"Shikamoo kaka. Mashine imeganda."

"Marahaba. Imeganda mkono ukiwa na kanda au mtupu?"

"Una kanda. Nifungue mlango niitoe?"

"Usiguse kwanza. Draivu zinaonyesha nini?"

"Moja taa inapepesa tu."

"Hiyo inarudisha utepe. Iache, kunywa chai."

Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kushika, seva ikabaki hai kwa UPS (betri ya dharura) lakini maktaba ilikuwa imechomekwa ukutani. Nakutana na mpangilio huo kila mahali. Umeme ukirudi, draivu iliyokatishwa katikati ya kanda inahitaji dakika kadhaa kuukunja utepe, na maktaba nyingi zikikuta kanda vidoleni huirudisha zenyewe kwenye sloti. Ukifungua mlango unausimamisha mkono, na ukifunga inaanza hesabu upya. Hamishia maktaba kwenye UPS ileile ya seva.

Hofu kama hiyo huwapata wanaohamia LTO-9. Kanda mpya ya kizazi hicho, mara ya kwanza ikiingia draivuni, hupimwa na kuwekwa sawa kwa dakika 40 hivi, na inaweza kufika saa mbili. Mkono hautikisiki, na mtu anadhani umekufa. Pitisha kanda zako mpya zote mapema, wikiendi, kabla hujazihitaji.

Kwa anayenunua: pesa ikitosha kitu kimoja tu cha ziada, chukua draivu ya pili badala ya sloti nyingi zaidi. Moja ikiwa inaandika bakapu ya usiku, nyingine itarejesha faili la mtu bila kugombania nafasi. Kagua vizazi vya kanda ulizonazo pia. Draivu za hadi LTO-7 zilisoma vizazi viwili vilivyotangulia. LTO-8 na LTO-9 ni kimoja tu, na LTO-10 haisomi cha nyuma hata kimoja, kwa hiyo kanda zako za LTO-6 hazitafunguka humo hata roboti izibebe mara mia.

Mkono wenyewe nimeuona ukiumizwa kweli siku ya kufungua boksi. Mashine husafirishwa mkono ukiwa umebanwa kwa kifungio usicheze njiani, na mtu mwenye haraka huiwasha bila kukiondoa. Kiondoe kwanza, kisha kihifadhi na skrubu yake, mtakihitaji siku mkihama jengo.