Kabla hujaweka sheria zako kwenye hifadhidata ya XML

Kazi yangu ni nyaraka za sheria zilizoandikwa kwa XML, yaani matini yenye tagi zinazoonyesha kila kipande ni nini, na vijana wa programu huniuliza sana: kwa nini usisukume kila kitu kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, ukalale? Kwa aina nyingi za data nawajibu: sukuma. Ankara, orodha ya wanafunzi na miamala ni majedwali tu, hata kama umeyapokea yakiwa yamevishwa tagi. Yavue, yarudishe kwenye jedwali.

Hifadhidata ya XML yenyewe, kama BaseX iliyoanzia Chuo Kikuu cha Konstanz huko Ujerumani, au eXist-db aliyoianzisha Wolfgang Meier mwaka 2000, inakufaa pale tagi zinapoingia katikati ya sentensi. Sheria ndivyo ilivyo. Kifungu kina vifungu vidogo, na ndani ya sentensi moja mna rejea ya kifungu kingine, tarehe, na neno lililofasiriwa mwanzoni mwa sheria. Akoma Ntoso, muundo uliotokana na mradi wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika na kuwa kiwango cha OASIS, shirika la viwango, mwaka 2018, umejengwa hivyohivyo. Ukiikatakata sentensi ya namna hiyo uipange kwenye majedwali, kazi yako kubwa itakuwa kuiunga upya. PostgreSQL inayo aina ya data ya xml, ila huwezi kuiwekea faharasa (index) moja kwa moja, na XPath yake, lugha ya kuchagua vipande vya XML, ni toleo la 1.0, la mwaka 1999.

Kama umeamua kutumia hifadhidata ya XML, jambo la kwanza litakalokusumbua ni nafasi ya majina (namespace), yaani anwani inayoonyesha tagi ni za muundo gani. Unaandika //section, unapata jibu tupu, unadhani mafaili hayakuingia. Yameingia. Elementi zako ni za nafasi ya majina ya Akoma Ntoso, nawe hukuitaja. Itaje juu kabisa ya XQuery yako, yaani swali unaloiuliza hifadhidata:

declare namespace akn = "http://docs.oasis-open.org/legaldocml/ns/akn/3.0";
for $k in db:get("sheria")//akn:section
where $k//akn:p contains text ".*kosa" using wildcards
return $k/akn:heading/string()

Hiyo ni ya BaseX 10 kwenda mbele. Matoleo ya nyuma yalitumia db:open. Na kama seva uliyorithi bado ina toleo la nyuma, angalia mpangilio wa CHOP kabla ya kupakia chochote. Zamani ulikuwa umewashwa kwa chaguo-msingi, na hukata nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande cha matini. Kwa ankara hakuna madhara. Kwa sheria, "chini ya kifungu cha 5 cha Sheria hii" yenye tagi ya rejea katikati hutoka maneno yamegandana, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Tangu Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, matini ya kutafuta ni mengi, lakini zana hizi zilitungwa na watu waliozoea maneno yanayobadilika mwishoni. Yetu hubadilika mwanzoni. Mwanasheria akiandika "kosa" anataka na "makosa". Akiandika "hukumiwa" anataka "atahukumiwa", "aliyehukumiwa" na "wamehukumiwa". Ndiyo maana nimeweka .* mbele ya neno pale juu. Kwa sheria chache inatosha. Mkusanyiko ukikua, utafutaji wa namna hiyo hulemea, kwa sababu faharasa imepangwa kwa herufi za mwanzo wa neno. Hapo mimi huona heri kuandika shina la neno mapema, kwa programu ndogo inayopita kwenye mafaili na kulihifadhi kando kama atributi, kisha nikatafuta kwenye shina. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna atakayekufanyia.

Kabla hujachagua kati ya BaseX na eXist-db, jua pia jinsi kila moja inavyotazama aya. Faharasa ya maneno ya BaseX hushika vipande vya matini, si aya nzima, hivyo tagi ya rejea katikati ya aya huweza kuifanya injini iiache faharasa na kusoma kila kitu mwanzo hadi mwisho. Fungua dirisha la Info, usome kama kweli faharasa imetumika. eXist-db hutumia Lucene, zana ya utafutaji wa matini, na unaiambia kwenye collection.xconf iweke faharasa kwenye akn:p pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Kwa sheria naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Ila ukibadilisha faili hilo, nyaraka zilizokwisha kupakiwa hubaki kama zilivyokuwa hadi uamuru faharasa ijengwe upya.

Kwa BaseX, amri inayolingana na hiyo ni OPTIMIZE, na kwa faharasa ya maneno itahitajika kila baada ya marekebisho. Mpangilio wa UPDINDEX, unaosasisha faharasa wenyewe, husaidia kwa thamani za matini na atributi, haugusi faharasa ya maneno. Iweke OPTIMIZE kwenye ratiba ya usiku, na mafaili asilia yabaki kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, nje ya hifadhidata, ili siku ukitaka kuhamia nyingine upakie upya tu.