Vidonge vya vitamini na dawa za virusi

SWALI: Kaka yangu anaishi na virusi vya ukimwi na humeza dawa zake kila siku saa tatu usiku. Tangu kusi ianze amepungua mwili, na jirani amemletea vidonge vya vitamini na madini, akamhimiza avimeze pamoja na dawa ili apate nguvu. Je, vinafaa? Msomaji, Malindi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza someni maandishi ya chupa zote mbili. Ikiwa dawa yake ina dolutegravir, kama ilivyo kwa watu wazima wengi wanaotibiwa nchini Kenya, na vidonge hivyo vina chuma, kalsiamu, magnesiamu au zinki, basi asivimeze kwa wakati mmoja, kwa sababu madini hayo hushikamana na dawa tumboni, ikaingia damuni pungufu na kuwapa virusi mwanya. Dawa hiyo humezwa saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Kwa ratiba ya kaka yako, vidonge vikae na chakula cha mchana. Kanuni hiyo inahusu pia dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, ambazo wengi wetu hatuzihesabu hata kuwa ni dawa.

Ama kuhusu nguvu, utafiti uliofanywa Dar es Salaam kabla ya dawa za ukimwi kuenea ulionyesha kuwa vitamini B, C na E ziliwachelewesha wajawazito wenye virusi kuzidiwa na ugonjwa. Baadaye, hukohuko, watu walioanza tiba walipopewa vipimo vikubwa vya vitamini, hawakupata nafuu kuliko waliopewa vipimo vya kawaida, na baadhi yao vimeng'enya vya ini vilipanda, ishara kwamba huenda ini limesumbuka. Kwa hiyo kopo linalojisifu kwa vipimo vikubwa ni ghali bure.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mzima mwenye virusi asiye na dalili huhitaji nishati zaidi kwa asilimia 10, na anapougua asilimia 20 hadi 30. Mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, samaki na mchicha mchana, na papai au embe katikati, vinatosha kuijazia nyongeza hiyo, mradi hamu ya kula ipo.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kupungua mwili. Asingoje tarehe yake ya kliniki. Aende wiki hii apimwe kifua kikuu na wingi wa virusi, na dawa zake asiziache hata siku moja.