Shangazi, rafiki yangu anataka nimtumie milioni nne kabla ya Ijumaa

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro, nina mume na mtoto mmoja. Nina rafiki tuliyecheza naye mpira wa pete tangu kidato cha pili, hadi UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, tulienda wote. Sasa anauza kwenye duka la vifaa vya michezo Kariakoo, huu ni mwaka wa sita. Tumepanga tufungue duka letu huku Moro: mipira, jezi, njumu, nyavu. Mimi nina milioni nne, mgao wangu wa kikoba. Yeye hana hela ila anajua mzigo. Anataka tugawane nusu kwa nusu. Nilipogusia tuandikiane alicheka, akasema, "Kumbe leo umeniona mwizi?" Juzi kapiga simu, kuna mzigo wa bei chee, nimtumie hela yote kwenye namba yake kabla ya Ijumaa. Mume wangu kawaka, anasema nisitume hata mia. Simshuku rafiki yangu, lakini silali. Nifanyeje? – Mlinzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: hiyo milioni nne inaitwaje? Kama ni mkopo, rafiki yako atakurudishia hata duka likifa. Kama ni mtaji, duka likifa nayo imezikwa humo. Kama ni msaada, mpe na usahau. Kwenye barua yako haina jina. Nahisi wewe ukiwa na furaha unaiita mtaji, ukishikwa na hofu usiku unaiita mkopo, na mwenzio anaiita "hela yetu". Huo usingizi unakupotea hapo. Rafiki yako anaweza kuwa mwaminifu kuliko mimi na bado mkagombana.

Yalinikuta. Miaka hiyo niko Tanga, mimi na jirani yangu tuliuza vitenge. Yeye alikuwa anafuata mzigo, mimi nauzia sebuleni kwangu. Baada ya miezi minane tukakaa kupiga hesabu. Yeye akasema nauli na chakula cha safari alitoa mfukoni mwake. Mimi nikasema sebule ile ilikuwa fremu ya duka, na sijawahi kudai kodi. Wote tulisema kweli, na hakuna aliyeiba hata shilingi. Sasa hivi tunakutana msibani, tunasalimiana, kila mtu anatafuta mkeka wake. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walisahau kutaja kwamba na shoga hupotea nayo.

Kuhusu kuandikiana: akikuuliza tena kama umemwona mwizi, mwambie hivi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inawatambua watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa faida kuwa ni wabia, hata kama hawajaandika chochote. Wasipokubaliana vingine, wanagawana faida sawa na hasara sawa. Kwa hiyo mkinyamaza, tayari mna mkataba, ila hamkuuandika nyinyi. Tena madeni ya ubia ni ya wote. Yeye anafahamiana na wauzaji wa jumla. Akichukua jezi za milioni mbili mali kauli, yaani alipe baadaye, kwa jina la duka na zisiuzike, mwenye mali anaweza kuja kugonga mlango wako, Morogoro, mumeo akiwa sebuleni.

Sasa hiyo nusu kwa nusu. Hapa sitakuwa upande wako moja kwa moja. Miaka sita Kariakoo ni kitu. Anajua mpira upi utatoka upepo baada ya wiki na upi utamaliza msimu, anajua nani anauza kwa bei ya jumla kweli na nani anakuchekea tu. Wewe ukienda peke yako utapigwa. Lakini ujuzi ulipwe kama ujuzi na hela ilipwe kama hela. Tuseme mmenunua mzigo wa 1,200,000, mkauza wote 1,650,000. Toa nauli na usafirishaji 60,000, imebaki faida ya 390,000. Mlipe yeye 100,000 ya kazi yake ya kuchagua na kusafirisha. Zinabaki 290,000, kila mmoja 145,000. Ile 1,200,000 haiguswi, ni mtaji wako, inarudi kununua mzigo mwingine. Yeye akitaka kumiliki nusu ya duka, na ana haki ya kutaka, kila mzigo aache ndani sehemu ya faida yake mpaka fungu lake lilingane na lako. Hapo hiyo nusu ataitolea jasho, na wewe hutamwangalia kwa jicho la pembeni.

Fremu msahau kwanza. Mwenye fremu atataka kodi ya miezi sita au mwaka, mtaji wote uishie kwenye kuta nne kabla hamjauza hata filimbi. Anzeni na mzigo mmoja, muuzie nyumbani na mashuleni. Wewe unawajua walimu wa michezo wa Moro. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA huwa katikati ya mwaka, na walimu wanahangaika miezi kabla ya hapo. Waulize wanataka nini, andika, ndipo mnunue. Ila shule huchelewa kulipa, kwa hiyo chukua nusu ya hela mbele.

Na mzigo wenyewe: usikubali uanze na njumu. Najua zinapendeza dirishani. Lakini kiatu ni saizi. Utanunua jozi 12, saba zitatoka wiki ya kwanza, zilizobaki ni 38 na 45 na zitakaa hadi zipauke. Mpira wa miguu una saizi tatu tu za kukuumiza kichwa: namba 5 kwa wakubwa, namba 4 kwa watoto wa kama miaka 8 hadi 12, namba 3 kwa wadogo zaidi. Walimu wengi wa msingi wananunuliwa namba 5 na watu wasiojua, watoto wanapiga mpira unaowazidi mguu. Ukilijua hilo umeshawashinda wauzaji wengi. Ongeza pampu, pini, nyavu, koni, soksi.

Jezi ziwe za rangi tupu, mchapishe majina ya timu za mtaani. Za Simba na Yanga za bei chee ziache. Zile nembo zina wenyewe, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia. Hapa nikuulize, huo mzigo wa Ijumaa ni wa nini hasa? Hukuniambia, na nadhani hata wewe hukuambiwa.

Mumeo usimbishie. "Hata mia" ni hasira, lakini mtu aliyekasirika akionyeshwa karatasi yenye hesabu hupoa. Akikubali, awe shahidi wa kutia saini. Kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, namba ya mlipakodi, TIN, leseni ya manispaa, hayo yafuate mzigo wa kwanza ukishaonyesha kama mnaelewana.

Sasa chukua simu, mwandikie rafiki yako, usipige, maana ukipiga atakuchekesha utasahau:

"Shoga, Ijumaa sitaweza. Nakuja Jumamosi tununue wote mzigo wa milioni moja na laki mbili, tuanze nao. Kabla ya kuingia dukani tukae chai tuandike nani katoa nini na nani anapata nini. Nataka tuandike kwa sababu nataka tufike mbali."

Akikasirika na mzigo ukapita, mizigo Kariakoo haiishi. Akikubali, panda treni ya SGR ya asubuhi, hutamaliza masaa mawili njiani. Beba daftari jipya la kurasa nyingi, na mzani mdogo wa jikoni. Mpira namba 5 wa kanuni una uzito wa gramu 410 hadi 450. Pimeni mmoja mmoja kaunta, mwenye duka akinuna mwache anune. Ukurasa wa kwanza wa daftari ajaze yeye, kwa mwandiko wake.