Kukimbia na kuogelea baharini winta huku Uingereza: yaliyonikuta mimi

Mkuu mleta uzi, nimelisoma swali lako mara mbili ndo nikaona nikae niandike vizuri, maana naona wengi wamekujibu kwa utani na hili jambo linaua watu. Umesema umefika kaskazini mwa Uingereza mwezi wa kumi, hii ndo winta yako ya kwanza, saa kumi jioni giza limeshaingia, ukitoka shifti unashinda chumbani na simu, na sasa wenzako wa kazini wanakuita Jumapili asubuhi mkakimbie ufukweni halafu mjitose baharini, unauliza uende au usiende.

Jibu langu: kukimbia nenda nao Jumapili hii hii. Baharini usiingie, sio mwezi huu. Ila uwepo pale mchangani wakati wao wanaingia, na nitakwambia kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Tynemouth karibu na Newcastle, hii ni winta yangu ya saba na tano kati ya hizo nimeingia baharini karibu kila wiki. Kuogelea nimejifunza ufukweni Raskazone kule Tanga kabla sijajua kusoma, kwaio nilipofika huku nikaona wabibi wa miaka 70 wanaingia maji nikasema mimi wa pwani nitashindwaje. Mkuu, kujua kuogelea ni elimu moja na kuijua baridi ni elimu nyingine kabisa. Bahari ya kwetu hata kipupwe cha mwezi wa saba na wa nane ni digrii 25 hivi, mwezi wa tatu inakaribia 30. Hapa sa hivi Januari ni 7 na bado inashuka, maana maji yanachelewa kupoa kama yanavyochelewa kupata joto, ubaridi wenyewe hasa ni mwezi wa pili mwishoni na wa tatu, hapo tunaongelea 5 au 6. Ndo maana wanaojua wanaanza mwezi wa tisa wakati maji bado ni 13 au 14 na wanaenda nayo yakishuka kidogo kidogo kila wiki, mwili unazoea bila kushtuliwa. Wewe ukianza Januari unaanzia mwisho wa ngazi.

Kinachoua watu wengi sio kuganda. Ni dakika ile ya kwanza. Ngozi ikiguswa na maji ya baridi kiasi kile kifua kinavuta hewa chenyewe, kwa nguvu, hukiamrishi wala hukizuii, halafu unaanza kuhema haraka haraka, moyo unaenda mbio na presha inapanda. Sasa kama umeruka na kichwa kiko chini ya maji wakati kifua kinavuta, utavuta maji, na hapo ufundi wako wote wa kuogelea haukusaidii kitu. Hali ile inatulia yenyewe baada ya dakika moja mpaka tatu. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Mike Tipton, amelifanyia kazi hili miaka mingi sana, na moja ya mambo waliyoonyesha ni kwamba ukiingia mara tano sita tu, dakika chache chache, mshtuko ule unaweza kupungua karibu nusu. Kwaio inazoeleka, ila kwa kupanda ngazi moja moja. Hakuna kuruka, hakuna kupiga mbizi. Unatembea, maji magotini, kiunoni, unatoa pumzi taratibuu kama unapuliza chai, ikirudi kawaida ndo unashusha mabega.

Sasa kukimbia. Kundi letu tuko saba hivi, kuna bibi wa Kiingereza mwenye miaka 72, kuna nesi wa Kizimbabwe, kuna kijana wa Iten, kule Kenya kwa wakimbiaji, anasoma hapa, na wengine. Tunaanzia King Edward's Bay, ghuba ndogo chini ya yale magofu ya Tynemouth Priory, tunapita juu ya ufukwe wa Longsands, kijiji cha Cullercoats, mpaka Spanish City kule Whitley Bay lile jengo jeupe lenye kuba, tunageuza, ni kama kilomita saba kwenda na kurudi. Hatukimbizani. Winta huku kuna barafu nyembamba inalala juu ya lami huioni kabisa, unaona tu kama barabara imelowa, hapo unafupisha hatua na unakanyaga kwa unyayo wote, usitue na kisigino. Nguo za pamba usivae ndani, zinanyonya jasho zikakulowesha na upepo ukija umekwisha, vaa nyepesi mbili tatu zile za sufu laini au za mazoezi, glavu, kofia ya kuziba masikio. Kama unaona aibu ya kuanza na kundi kuna mbio za wazi zinaitwa parkrun kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kilomita tano, bure, hata kutembea unaruhusiwa, ilianza na watu 13 tu kule Bushy Park London 2004 na sasa iko karibu kila mji. Mimi ndo nilianzia hapo na ndo hapo nilipokutana na yule bibi.

Kitu kimoja cha kukimbia na kuogelea kwa pamoja ambacho wengi hawakifikirii: usiingie majini huku bado unahema kwa mbio. Ukiingia hivo huwezi kujua uhemaji upi ni wa kukimbia na upi ni wa maji, na ile ndo alama yako pekee ya kujua mwili umetulia au la. Sisi kilomita ya mwisho tunatembea. Na ukitoka majini usikimbie tena kujipasha joto.

Hili la kutoka majini nalijua kwa yaliyonipata, nilisimulie lote.

Winta yangu ya pili ya kuogelea, mwezi wa pili, siku ya jua, hakuna upepo, bahari imetulia kama sahani. Maji digrii 6. Wenzangu walitoka dakika ya tano, mimi nikajisikia vizuri mno, ile baridi ya kuchoma ilishaisha, mwili kama una joto kwa ndani, nikaendelea. Nilitoka dakika ya 16. Na nilipotoka nilikua na furaha kweli, nikasimama na nguo mbichi napiga picha, naongea. Kumbe mwili unapokua majini unafunga mishipa ya ngozi na miguu na mikono ili damu ya moto ikae katikati, na ukishatoka joto la ndani linaendelea kushuka, dakika 10, 20, hata nusu saa. Yaani unakua na baridi zaidi ukiwa nchi kavu kuliko ulivyokua majini.

Wenzangu waliniuliza uko sawa, nikasema niko sawa. Wakaniangalia wakaamini. Wao walizoea kuangalia rangi, mzungu akitoka mle anakua mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akizidiwa anapauka unaona kabisa. Mimi ngozi yangu haikuonyesha kitu. Aliyegundua ni yule bibi. Aliniuliza gari nimeliacha wapi na mimi nikamjibu kwa Kiswahili. Sikujua kama nimejibu kwa Kiswahili, kichwani mwangu nilikua naongea Kiingereza. Nakumbuka nilikua nimeshika zipu ya jaketi, naiona, vidole viko juu yake, na havifungi. Nilikua naitazama ile zipu kama sio yangu.

Bibi hakuuliza tena. Alinivua nguo mbichi pale pale huku nesi ameshika taulo kama pazia, akanifuta, akanivisha juu kwanza, kofia yake mwenyewe akanivika, wakanitia kwenye gari wakawasha hita, wakanipa chai ya sukari kidogo kidogo, kikombe wameshika wao. Nilitetemeka dakika 40. Meno yanagongana mpaka taya linauma. Nilikua naomba nikaoge maji ya moto, nesi akakataa katakata, akasema maji ya moto saa ile yanafungua mishipa yote kwa mpigo, presha inashuka, unaanguka bafuni.

Tangu siku hiyo tuna saa, na mwenye saa hayuko majini. Wengi huku wana kanuni ya dakika moja kwa kila digrii, maji 6 basi dakika 6, na mimi naona kwa anayeanza hata hiyo ni nyingi, mbili zinatosha. Na tumejifunza kuangaliana upya: kwa sisi weusi tazama midomo, kucha, viganja, ila zaidi ya rangi msikilize mtu anavyoongea. Akianza kuvuta maneno, akajikwaa, akaangusha vitu, akanyamaza ghafla, mtoeni. Waambie wenzako hili kabla ya siku yako ya kwanza, kwa maneno haya haya, usione haya. Hawajui kwa sababu hawajawahi kuhitaji kujua.

Yule kijana wa Iten ndo anakimbia kuliko sisi wote na baharini ndo mwangalifu kuliko wote, anaingia dakika mbili anatoka, hana kiburi na maji kwa sababu hakukulia kwenye maji. Mimi wa pwani ndo nilikua nacho.

Sasa kabla hujafikiria kuingia, hata ikiwa ni mwezi wa tano maji yakipata joto kidogo, soma haya. Kama una selimundu, usiingie, baridi ya ghafla inaweza kukuamshia maumivu mabaya sana, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wenzako wa hapa wengi hawatafikiria kukuuliza. Kama una presha, tatizo la moyo, pumu, kifafa, au mimba, muone daktari wako kwanza umwambie wazi unataka kufanya nini. Kama jana usiku ulikunywa pombe, siku hiyo baki nchi kavu. Baada ya mvua kubwa pia msiingie, mitaro ya majitaka inamwagikia baharini.

Na maji yenyewe uyasome kama nyumbani. Huku nako yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na kwenye ghuba ndogo kama yetu bamvua likijaa linakula mchanga karibu wote, nimeshaona viatu vya mtu vinaelea. Mkondo ukikushika usishindane nao, lala chali, masikio ndani ya maji, tulia upate pumzi kwanza, ndo wanavyofundisha RNLI, wale waokoaji wa kujitolea. Mtu wa nchi kavu anapiga 999 anaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Vifaa usinunue vya bei. Makoti yale makubwa ya kuvaa ukitoka majini yana bei ya tiketi ya ndege, mimi nina khanga mbili, taulo kubwa na jaketi la mitumba. Unachohitaji kweli ni soksi na glavu za mpira za kuogelea, kofia ya sufu ukiwa majini (kichwa hakizami), na nguo umezipanga kwa mpangilio wa kuvaa, ya kwanza kuvaliwa iko juu, zimegeuzwa upande sahihi, bila vifungo. Vidole havitafunga vifungo. Kina dada wenye misuko, misuko inanyonya maji na inakaa na ubaridi shingoni saa nzima, kofia ya mpira chini ya ile ya sufu. Chai naichemsha nyumbani na tangawizi, iliki na mdalasini, sukari ya kutosha, kwenye chupa, nazibeba chupa mbili. Bibi anaiita dawa.

Hiyo huzuni uliyoitaja, nakuelewa sana. Winta yangu ya kwanza nilikaa wiki sita bila kuongea na mtu nje ya kazi. Usitegemee maji yatakutibu, ikizidi nenda kwa daktari, na vitamini D anza leo, NHS, huduma ya afya ya serikali huku, wanashauri mikrogramu 10 kila siku winta na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuinywa mwaka mzima. Ila mimi kilichonitoa chumbani ni kwamba Jumapili saa tatu kuna watu wananihesabu. Nisipotokea simu inalia.

Na ndo maana nakwambia uwepo mchangani. Miezi minne ya kwanza mimi sikuingia maji hata siku moja, nilikua mshika taulo, nahesabu vichwa, namimina chai. Mtu asiyeloa ndo anayeona. Waulize wenzako Jumapili: nani anabaki nje? Wakisema hakuna, tunaingia wote, basi umeshapata kazi yako. Na wakikataa kuwa na mtu nje, tafuta kundi lingine.

Uko mji gani? Kama ni pande hizi za Newcastle panda treni ya Metro ushuke Tynemouth, sisi Jumapili hii tunakutana saa tatu asubuhi juu ya ngazi za King Edward's Bay, maji yatakua yanakupwa. Njoo na raba na glavu. Chai ninayo, saa nitakupa wewe.