Kitenge kilichong'aa kwenye simu

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Wiki iliyopita nilimtazama muuzaji wa vitenge anayeonyesha bidhaa zake mubashara kwenye TikTok. Alinitaja kwa jina, akatangaza kuwa zimebaki pisi tatu, nami nikatuma shilingi 45,000 kabla hajamaliza kuhesabu. Alisema ni pamba tupu, kumbe ni poliesta. Sokoni mimi si mtu wa kudanganyika; hapa ilikuwaje?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Sokoni, dada yangu, mkono wako ndio unaoamua: unakifikicha kitambaa, unakigeuza uone kama rangi imepenya, ndipo unapoanza kupatana bei. Kwenye simu mkono huo haupo, na nafasi yake huchukuliwa na sauti inayokuita kwa jina, hata ukajikuta umemwamini mwenye kitenge badala ya kitenge chenyewe. Kule kuhesabu nako kulikunyima zile dakika chache ambazo Kariakoo ungezitumia kuvuka barabara na kuuliza duka la pili.

Umaarufu wa muuzaji nao si dhamana. Nchini China, ambako Taobao, soko kubwa la mtandaoni, ilianza mauzo ya namna hii mwaka 2016, timu ya Xin Youzhi, muuzaji maarufu wa mubashara aitwaye Simba (si yule wa Msimbazi), iliwauzia watazamaji mwaka 2020 kinywaji cha viota vya ndege, ambavyo huko ni chakula cha thamani, kilichobainika kuwa karibu chote ni maji ya sukari.

Siku nyingine mwombe muuzaji, akiwa hewani, achomoe uzi mmoja auchome: wa pamba huacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, wa poliesta huyeyuka na kuganda kama kidonge. Akiliruka ombi lako na kuendelea kusoma salamu za wengine, amekwisha kukujibu. Malipo yafanyike mzigo ukiwa mkononi. Ikilazimu kutanguliza kwa Lipa Namba, litazame jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri.

Kuhusu pisi uliyonayo, sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, kwa hiyo una haki ya kuikataa. Mwandikie muuzaji leo ukidai fedha zako, hifadhi ujumbe wa malipo na majibu yake yote, na kitambaa usikipeleke kwa fundi, kwani kikishakatwa itakuwa vigumu kueleza kwamba hukukikubali.